Luang Prabang, Mji wa Mito Miwili

Mahali ambapo mto Nam Khan humwaga maji yake katika mto mkubwa wa Mekong, kaskazini mwa nchi ya Laos, pana ulimi mwembamba wa ardhi uliozungukwa na maji pande tatu. Juu ya ulimi huo ndipo ulipojengwa mji wa Luang Prabang. Nchi ya Laos haina bahari. Imepakana na Uchina, Vietnam, Kambodia, Thailand na Myanmar, na kwa karne nyingi mto ndio uliokuwa barabara yake, bandari yake na ghala lake la kitoweo. Mtu wa pwani kama mimi, niliyezaliwa Pangani na kukulia katika mngurumo wa pantoni iendayo Bweni, hawezi kufika mahali kama hapo asitazame kwanza maji yanakokwenda.

Nilifika huko mwezi wa Februari, 2024. Kazi ya serikali iliyonipeleka upande ule wa Asia ilikuwa imemalizika katika mji mkuu wa Vientiane, nami nilibakiwa na siku tano za likizo. Nikapanda gari moshi. Nasema gari moshi kwa mazoea tu, maana halina moshi. Laenda kwa umeme, na mwendo wake ni wa muda wa saa mbili hivi katika milima ambayo zamani basi liliikata kwa siku nzima. Karibu nusu ya njia hiyo imo ndani ya mahandaki, hata msafiri huiona nchi vipande vipande, kama mtu apekuaye kitabu cha picha kwa haraka. Reli yenyewe ilifunguliwa Desemba 2021. Waliojenga ni Wachina, na majina ya stesheni yameandikwa kwa Kilao na Kichina. Nilipoyaona maandishi hayo niliikumbuka TAZARA, ambayo wazee wetu waliijenga pamoja na Wachina kati ya mwaka 1970 na 1975 wakaiita Reli ya Uhuru, nikajiuliza wazee wa Laos nao wataiita yao kwa jina gani.

Yafaa nieleze mapema nilichokuwa nakitafuta, ili msomaji asidhani namsimulia matembezi matupu. Kwa zaidi ya miaka 20 kazi yangu ofisini imekuwa katika mambo ya utamaduni, na sehemu kubwa ya kazi hiyo ni kuandika orodha: nyumba za kale, milango ya nakshi, makaburi, ngoma, majina ya mafundi. Orodha ni kitu cha lazima. Kisichoandikwa hakiombewi fedha. Walakini kila niliporudi baada ya miaka michache kuikagua orodha, aghalabu nilikuta ama kuta zipo na watu wameondoka, ama watu wapo na kuta zimeanguka. Luang Prabang uliandikwa mwaka 1995 katika orodha kubwa kuliko zote, ile ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Nilitaka kujua orodha hiyo imewafaa nini watu waliozaliwa humo.

Historia ya mji nitaieleza kwa ufupi. Mwaka 1353 mfalme Fa Ngum aliziunganisha nchi ndogondogo za kando ya Mekong akaunda ufalme wa Lan Xang, maana yake "tembo milioni moja", na makao yake yakawa hapa. Siku hizo mji uliitwa Xieng Thong. Jina la leo latokana na Phra Bang, sanamu ya Budha yenye kimo cha sentimeta 83, ambayo Walao huiheshimu kuwa ndiyo ngao ya nchi yao. Katika karne ya 16 mfalme Setthathirath aliyahamishia makao ya ufalme Vientiane, na baadaye ufalme wenyewe ulipogawanyika Luang Prabang ukabaki na mfalme wake. Mwaka 1887 wapiganaji wa Bendera Nyeusi walishuka kutoka kaskazini wakauteka mji na kuuchoma. Wafaransa wakaitia Laos chini ya himaya yao mwaka 1893. Ufalme uliondolewa tarehe 2 Desemba 1975, na jumba la mfalme, ambalo lilianza kujengwa mwaka 1904, likafanywa makumbusho mwaka uliofuata.

Hapa naomba ruhusa ya kutoka njiani kidogo. Mwaka 1888, mwaka mmoja tu baada ya Luang Prabang kuteketezwa, watu wa Pangani na mwambao walisimama na Abushiri bin Salim kuwapinga Wajerumani, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa palepale Pangani. Sisemi kwamba mambo hayo mawili yana uhusiano. Nasema tu kwamba miji miwili midogo ya mitoni, isiyojuana kabisa, iliingizwa katika madaftari ya wageni katika miaka ileile, na kwamba kila nilipolisoma tarehe fulani katika kibao cha hekalu nililazimika kuhesabu: wakati huu sisi tulikuwa wapi?

Mahekalu ya Luang Prabang yazidi 30, na mengi yamekaribiana kama misikiti ya mji wa kale wa pwani. Kwa Kilao hekalu huitwa "wat", lakini wat si jengo moja. Ni uwanja wenye ukuta, na ndani yake mna jumba la ibada, vijumba vya kulala watawa, minara ya masalio, kisima, miembe na michungwa, na banda lenye ngoma kubwa ambayo hupigwa kuikaribisha siku takatifu kwa hesabu ya mwezi. Niliisikia ngoma hiyo siku ya pili. Haina madaha, ni mapigo mazito, kisha mepesi, kisha mazito tena, na kengele zikiitikia. Sisi tunaousubiri mwezi kwa macho mwisho wa Shaabani hatuhitaji kuelezwa maana ya mji mzima kwenda kwa hesabu ya mwezi.

Nilianzia Wat Visoun, lililojengwa mwaka 1513. Lilikuwa jengo la mbao. Likaungua mwaka 1887 pamoja na mji, likajengwa tena mwaka 1898 kwa matofali, ila mafundi waliyafuata maumbo ya lile la mbao, hata nguzo nyembamba za madirishani zimechongwa kwa mviringo uleule. Mkaguzi mkali angesema basi jengo hili si la mwaka 1513. Mimi nilipokuwa kijana ofisini ningesema hivyo hivyo. Lakini niliyekuwa naye, kijana aliyenifasiria, ambaye alikuwa mtawa mwanafunzi kwa miaka 6 kabla ya kuvua joho na kwenda kusoma ualimu, hakuelewa kabisa swali langu. Kwake hekalu ni lile lile kwa sababu watu waliolijenga tena ni wale wale waliolichomewa, na sala haikuhamia kwingine.

Wat Xieng Thong lipo kwenye ncha ya ulimi, ngazi zake zikishuka hadi Mekong. Setthathirath alilijenga kati ya mwaka 1559 na 1560, nalo liliponea moto wa 1887. Paa lake limepangwa tabaka juu ya tabaka, na kila tabaka lashuka na kupanuka mpaka ukingo wa mwisho unakaribia ardhi, mfano wa kuku aliyetandaza mbawa juu ya vifaranga. Mtu mrefu akitaka kulitazama ukutani hana budi kuinama. Ndani ni giza la baridi, nguzo nene zilizopakwa rangi nyeusi na kutiwa nakshi za dhahabu: maua, magurudumu, wafalme, farasi. Nilikaa kwenye mkeka kwa muda mrefu bila kuandika neno, na hilo ni jambo la nadra kwangu.

Kinachopendwa kuliko vyote katika hekalu hilo kiko nje, kwenye ukuta wa nyuma. Ni mti mkubwa uliotengenezwa kwa vipande vya vioo vya rangi juu ya ukuta mwekundu, matawi yametanda, ndege na wanyama wako shinani. Jua la alasiri likiupiga, mti wote hutikisika kwa nuru. Wageni huupiga picha wakiamini wanapiga picha ya karne ya 16. Mti huo ulipachikwa katika miaka ya 1960. Kijumba chekundu kilicho karibu, ambacho kuta zake za nje zimejaa watu wadogo wa vioo wanaolima, wanaovua na wanaopanda tembo, kilipambwa mwaka 1957 kuadhimisha miaka 2500 ya Budha. Ama hilo lilinifurahisha mno. Fundi wa miaka ya 1960 hakuogopa kuligusa hekalu la babu zake. Alikuwa na hakika kwamba ni lake. Katika nchi yetu nimewaona mafundi hodari wakitetemeka mbele ya mlango wa kale, kwa kuwa tumewafundisha kwamba mlango huo si kazi ya mikono bali ni "urithi", na urithi hauguswi. Mchwa hajafundishwa hivyo.

Mbao huoza, vigae huvunjika, chokaa hubanduka kila masika. Kwa hiyo hekalu la kale ni lile ambalo limepata fundi katika kila kizazi. Kazi nyingi za namna hiyo zamani zilifanywa na watawa wenyewe. Ujuzi ulipoanza kupotea, mwanzoni mwa miaka ya 2000 UNESCO ilisaidia kuanzisha mafunzo katika hekalu la Wat Xieng Mouane, ili watawa vijana wajifunze tena kuchonga, kuchora na kupaka dhahabu. Wengi wa vijana hao ni wana wa wakulima wa milimani, waliokuja kuvaa joho kwa kuwa hekaluni kuna shule na chakula. Mwalimu asomaye makala haya asiwadharau kwa sababu hiyo. Nasi tuliosoma chuoni, tukimtekea maji mwalimu na kumtwangia mkewe, hatukuenda wote kwa uchamungu.

Kitu kimoja nilikitafuta kwa ajili yangu mwenyewe, kwa kuwa mimi ni mshairi. Walao waliandika vitabu vyao juu ya makuti ya mti wa jamii ya mvumo. Jani hukatwa kwa urefu wa mkono, hukaushwa, kisha mwandishi hulikwaruza herufi kwa chuma chenye ncha. Maandishi hayaonekani mpaka lipakwe masizi yaliyochanganywa na mafuta na kufutwa; hapo weusi hubaki ndani ya mikwaruzo. Majani hutungwa kwa uzi na kufungwa kwa kitambaa, mara nyingi kilichofumwa na mwanamke wa nyumba iliyotoa kitabu hicho sadaka hekaluni. Maandiko ya dini yana herufi zake, ziitwazo Tham, na kukinakili kitabu ni thawabu. Jani haliishi milele. Hula wadudu na unyevu. Kwa sababu hiyo kitabu kilinakiliwa tena na tena, na kunakili ndiko kulikokihifadhi. Kuanzia mwaka 1992 hadi 2004 Maktaba ya Taifa ya Laos, kwa msaada wa Ujerumani, iliendesha mpango wa kuyaorodhesha na kuyapiga picha maandiko hayo katika mahekalu ya nchi nzima, na vitabu vyenyewe vikabaki mahekaluni mwake. Nililirudia swali hilo mara mbili kwa kijana wangu ili niwe na hakika: vilibaki mahekaluni? Naam, picha zilichukuliwa, vitabu vikabaki. Tendi zetu nyingi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zimo Dar es Salaam katika makabati ya Chuo Kikuu, na nyingine zimo London. Ziko salama, wala siwalaumu waliozikusanya, maana bila wao zingeliwa na mende. Lakini nimekwenda katika nyumba za pwani ambako mjukuu wa mwenye utenzi hajapata kuuona mwandiko wa babu yake.

Tuingie sokoni sasa. Soko la asubuhi limo katika vichochoro karibu na jumba la mfalme wa zamani, nalo huanza kabla ya jua. Hakuna meza nyingi. Bidhaa hutandazwa juu ya majani ya mgomba au turubai, na muuzaji huchutama nyuma yake. Kuna samaki wa Mekong ambao bado wanatweta, vyura waliofungwa miguu, asali ndani ya masega, machipukizi ya mianzi, bilinganya ndogo mfano wa njegere, mchaichai, ukwaju, pilipili za kila ukali, ngozi ya nyati wa kufugwa iliyokaushwa, na mitungi ya samaki waliovundikwa kwa chumvi, ambao harufu yao humpokea mgeni kabla ya salamu. Kuna vipande vya mti fulani wa mwituni vyenye ukali wa pilipili, hutiwa katika mchuzi mzito wa mji huo, vikatafunwa na kutemwa. Zaidi ya yote kuna mwani. Sikujua kwamba mto huota mwani. Wakati wa kiangazi, maji yakipungua na kuwa safi, wanawake huingia mtoni wakauchuma mawe kwa mawe, wakauosha, wakautandaza mwembamba kama karatasi, wakaunyunyizia ufuta, vitunguu saumu na vipande vya nyanya, kisha wakauanika juani. Hukaangwa kidogo na kuliwa. Wanawake wa Zanzibar hulima mwani wa baharini wakauza kwa wafanyabiashara wa ng'ambo, wala sisi hatuuli. Hawa huuchuma wa mtoni wakaula wao kwanza, na unaobaki ndio uuzwao.

Soko la usiku ni jambo jingine. Jua likishatua, barabara kuu hufungwa, magari hukatazwa, na wauzaji hutandika vitambaa chini ya mahema mekundu. Wengi ni wanawake wa kabila la Wahmong waliotoka vijiji vya milimani. Huuza nguo zilizotiwa nili, mishono ya maua na wanyama, mifuko, karatasi itokanayo na magome ya mforosadi, vitambaa vya hariri kutoka vijiji vya wafumaji kama Ban Phanom. Nitasema kweli: si kila kitu sokoni humo kilishonwa milimani. Vingine vimetoka viwandani, na macho yaliyozoea kanga na vinyago vya Mtaa wa Samora huvitambua upesi. Hata hivyo nilimwona mama mmoja ameketi na sindano yake, anamalizia shuka huku mteja anasubiri, na bei aliyoitaja haikushuka hata shilingi.

Nilinunua kijiko. Chepesi, cheupe, kama vijiko vya mama ntilie. Vijiko hivyo hutengenezwa katika kijiji cha Ban Napia, jimbo la Xieng Khouang, kwa alumini iliyotokana na mabaki ya mabomu. Kati ya mwaka 1964 na 1973 ndege za Marekani zilimwaga juu ya Laos zaidi ya tani milioni 2 za mabomu. Hakuna nchi iliyopigwa kiasi hicho ukilinganisha na idadi ya watu wake. Mengi hayakulipuka, na yangali yanawaua wakulima na watoto. Muuzaji hakunisimulia lolote. Alikifunga kijiko katika gazeti akanirudishia chenji. Kimo jikoni kwangu. Wajukuu wanalia uji.

Sasa nifike kwenye jambo lililonileta. Kila alfajiri, tangu zamani, watawa wa kila hekalu hutoka miguu mitupu, wamepangana kwa ukubwa, kila mmoja na bakuli lake chini ya joho la rangi ya zafarani. Watu wa mtaa hupiga magoti mbele ya nyumba zao, na mtawa akipita hutiwa tonge ya wali wa kunata. Hakuna anayesema, hakuna anayeshukuru. Mtoaji ndiye apataye thawabu, kwa hiyo yeye ndiye mwenye kushukuru. Watoto maskini nao huketi na vikapu, na watawa huwatilia sehemu ya walichopewa. Huo wali ndio chakula chao. Hekalu halina shamba wala jiko kubwa. Lina jirani.

Katika barabara kuu niliyaona hayo kwa shida. Mabasi madogo yalikuwa yameshusha watu kabla ya saa kumi na mbili. Viti vya plastiki vimepangwa, wachuuzi wanauza vikapu vya wali kwa wageni, simu zimeinuliwa juu, na taa zake zinamulika nyuso za watoto wa miaka 12. Mabango yapo, tena mengi, yakiwaomba wageni wakae mbali, wavae kwa heshima, wasimguse mtawa. Wengine waliyatii. Lakini mtu aliyesafiri nusu ya dunia ili aone jambo, kumwambia asilione kwa karibu ni kazi ngumu. Kijana wangu aliniambia kwamba alipokuwa mtawa waliwahi kuuogopa wali wa wachuuzi, hawakujua ulipikwa lini.

Siku iliyofuata alinipeleka kichochoro cha nyuma, karibu na Nam Khan, kwa bibi mdogo wa mama yake. Walao huitana kwa majina ya udugu hata pasipo udugu, jambo lililonifanya nijione nipo kwetu. Kijana aliniita "lung", yaani baba mkubwa, na bibi yule nilimwita "mae thao", nyanya. Alikuwa amekwisha kuwatilia watawa, anakunja mkeka wake. Mtaani mwake nyumba 9 zilitazamana. Bibi alizihesabu kwa kidole. Nyumba 4 zilikuwa za kulala wageni, moja ya kahawa, moja imefungwa. Zilizopika wali wa alfajiri zilikuwa 3. Zamani, alisema, kama wewe umeugua, jirani huweka tonge yako pia. Sasa watawa hupita mbele ya milango mizuri iliyopakwa rangi, yenye taa na maua, ambayo hakuna mtu aliyelala ndani yake anayejua wamepita.

Orodha ya mwaka 1995 imefanya kazi yake, na ni haki niseme hivyo. Magorofa hayakuruhusiwa. Mapaa yamerudishwa, nyumba za mbao zilizoinuliwa juu ya nguzo na zile za chokaa za wakati wa Wafaransa zimekarabatiwa, na vijana wanapata kazi. Lakini nyumba iliyoandikwa katika orodha huwa ghali, na mwenye nyumba ghali hujiwa na mnunuzi. Dada yake bibi aliikodisha nyumba yao akahamia nje ya mji, penye uwanja mpana na choo cha ndani. Kwa kodi hiyo amesomesha watoto watatu. Bibi hakumlaumu. Nami sina ruhusa ya kumlaumu. Mtu hawezi kuambiwa akae katika nyumba inayovuja ili mimi nije kuitazama. Niliona tu kwamba katika fomu zetu zote, ambazo nimezijaza kwa mkono wangu, mna nafasi ya kuandika urefu wa ukuta, aina ya mbao na umri wa mlango, wala hamna mahali pa kuandika waliolala humo usiku uliopita.

Jioni ya mwisho nilirudi kwake kuaga. Tulikaa barazani tukitazama daraja la mianzi lililovuka Nam Khan. Daraja hilo hujengwa kila kiangazi maji yakipungua, mvukaji hutoa ada ndogo, na mvua zikikaribia hufunguliwa kabla mto haujalichukua. Bibi aliuzungumzia zaidi mto kuliko daraja. Tangu mwaka 2019 bwawa la umeme la Xayaburi lafanya kazi upande wa chini wa Mekong, na jingine limekuwa likijengwa upande wa juu, kilometa 25 hivi kutoka mjini, ingawa UNESCO ilieleza wasiwasi wake. Bibi hakujua habari za mikutano. Alijua kwamba mto hauna tena adabu ya zamani: hujaa siku isiyo yake, na mwani hautabiriki.

Kisha akauliza habari za kwetu. Nikamwambia nami natoka mji wa mtoni, wenye nyumba za kale za mawe, na boma lililojengwa mwaka 1810. Akataka kujua nani anapika ndani ya nyumba hizo. Nilimjibu kama nilivyokumbuka: moja ina wapangaji wawili, mmoja fundi cherehani, nyingine paa limeanguka na mti umeota ukutani, nyingine, ile ya ghorofa, ina popo. Kijana alipofasiri neno la popo bibi alicheka mpaka akafunika mdomo kwa kitambaa. Akauliza kama wanalipa kodi. Nikasema hawalipi, na ofisi yetu haijapata kuwadai.

Akasimama kwa kushika goti. Mchele wa kunata hauna budi kulala majini usiku mzima, na giza lilikuwa limeingia. Akaenda kuuroweka wa kesho.